Kikohozi na antibayotiki: acheni kutazama rangi ya kohozi, tazameni pumzi

MuuzaDawa_Kisauni (mwenye uzi)

Asalaam alaikum wadau, na wote habari zenu.

Uzi huu nauandika kwa sababu kila kusi ikishika, dukani maneno huwa yale yale. Mtu aingia, hata salamu hajamaliza: "Nipe amoksilini ya mia, mtoto yuwakohoa." Nikimuuliza mtoto ana umri gani, ana kilo ngapi, anapumua vipi, jibu ni moja tu: "Kohozi limekuwa kijani." Likiwa jeupe twachemsha tangawizi, likigeuka rangi twakimbilia vidonge. Mimi nimesomea famasia na riziki yangu ni kuuza dawa, lakini jambo hili laniuma sana, maana nimeona pande zake zote mbili. Kuna wanaomeza antibayotiki wasizokuwa na haja nazo. Na kuna watoto waliozihitaji kweli, wakawekwa nyumbani kwa kuwa kohozi lao lilikuwa safi.

Rangi haisemi kitu kikubwa. Mwili ukishambuliwa, unapeleka seli nyeupe za damu kupigana, na seli hizo zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Zikifika nyingi, kamasi na kohozi hugeuka manjano au kijani. Hufika kwa virusi na hufika kwa bakteria, na antibayotiki huua bakteria tu, virusi haivigusi. Mafua ya kawaida kabisa, siku ya tatu ya nne, kamasi huwa nzito na yenye rangi, kisha yaisha yenyewe. Na kikohozi cha virusi kilichoshuka kwenye mirija chaweza kuendelea wiki mbili hata tatu huku mtu akipata nafuu polepole.

Sasa bakteria. Anayeongoza kwa nimonia, kwa watoto na kwa watu wazima, aitwa nimokoki. Wengi hawajui kwamba hatoki mbali: watoto wengi wenye afya nzuri wanaye puani, anakaa tu bila kuwadhuru. Shida huanza pale virusi vya mafua, au surua, au moshi wa kila siku, vinapoharibu vile vinyweleo laini vinavyosukuma uchafu juu kutoka kwenye mirija ya hewa. Ulinzi ukilegea, nimokoki anashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Mwili unamwaga majimaji na usaha humo kupigana naye. Vifuko vikijaa, mgonjwa anavuta hewa lakini oksijeni haipiti. Ni kama ngalawa iliyoingiwa na maji: tanga ni zima, upepo upo, lakini haiendi. Basi mwili unajaribu kufidia kwa kupumua mbio mbio.

Ndiyo maana nasema tazama pumzi, na kuzihesabu ni kazi ya dakika moja. Mtoto awe ametulia, amelala au ametoka kunyonya, halii. Mpandishe fulana. Weka simu kwenye saa ya sekunde, tazama tumbo na kifua. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hawapumui kwa mwendo mmoja, huenda haraka wakapunguza wakaenda haraka tena. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 na zaidi ni haraka. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla hajatimiza mwaka, 50 na zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 na zaidi. Hesabu hizi si zangu, ni za Shirika la Afya Duniani, na ndizo zinazotumika kwenye zahanati zetu.

Halafu tazama chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto akivuta pumzi, pale hutakiwa kutoka nje. Pakiwa pabonyea na kuingia ndani kila anapovuta, usije dukani kwangu wala duka lingine, nenda hospitali. Vile vile akiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, midomo imekuwa buluu, au anaguna kila akitoa pumzi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au mwili wake umepoa isivyo kawaida, huyo ni wa hospitali moja kwa moja hata kama hakohoi.

Maswali karibuni. Dozi ya mtu sitaandika hapa, maana dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo zake na mimi simuoni.

BintiKibokoni

Shukran kaka kwa maelezo. Lakini mie ni mtu mzima, karibu kila mwaka napata kikohozi cha kifua, makohozi mazito ya kijani. Nikikaa nacho kama wiki nanunua ile azithromaisini ya siku tatu, na napona. Sasa waniambia haikufanya kazi?

MuuzaDawa_Kisauni

Dada, tazama siku uliyoinunua. Umekohoa wiki nzima, umechoka, ndipo ukaja kununua. Kikohozi cha virusi huwa kibaya zaidi siku za kwanza kisha chaanza kushuka. Wewe umemeza dawa pale kilipokuwa kinashuka chenyewe, na sifa yote ikaenda kwa kidonge. Ungekunywa maji ya moto siku zile zile ungepona vile vile, na tumbo lako lisingeharisha.

Kwa mtu mzima mwenye afya, asiye na ugonjwa mwingine, mambo yanayonifanya nifikirie nimonia ya bakteria ni haya: homa kali iliyokuja ghafla na kutetemeka mpaka meno yagongana, kichomi, yaani maumivu ya kuchoma upande mmoja wa kifua yanayozidi ukivuta pumzi ndefu au ukikohoa, kutweta hata umekaa, kohozi lenye damu au rangi ya kutu. Na kuna dalili moja ambayo watu huipuuza mno. Mtu apata mafua, siku ya nne ya tano aona nafuu, aanza hata kutoka, kisha homa yarudi kwa nguvu kuliko mwanzo na kikohozi chazidi. Homa iliyorudi hivyo yataka kuonwa na daktari. Virusi vimefungua mlango na bakteria ameingia.

NesiLikoni

Hilo la homa iliyorudi nalitilia mkazo. Hata lile janga la mafua la mwaka 1918 lililoua mamilioni duniani, uchunguzi uliofanywa baadaye kwenye mapafu ya waliokufa ulionyesha kwamba wengi waliuawa na nimonia ya bakteria iliyokuja juu ya virusi. Na wakati ule penisilini haikuwapo, iligunduliwa 1928.

Naongeza na hili kwa kina mama: kabla ya kuhesabu pumzi, kama mtoto ana homa kali mpe kwanza dawa ya kushusha homa, subiri itulie, kisha hesabu. Homa peke yake hupandisha pumzi. Pua ikiziba pia. Msafishe kwa matone ya maji ya chumvi. Lakini kama kifua chabonyea, usingojee homa ishuke.

Mzee_Makadara

Wanangu, naona mwasema vizuri. Sisi wazee wenu tulilelewa kwa asali, habasoda, tangawizi na karafuu, na mtoto akikohoa alisuguliwa kifua kwa mafuta ya moto akafunikwa blanketi avukizwe kwa majani ya mkaratusi. Na tulijua baridi ikiingia kifuani ndiyo nimonia. Yote haya yalikuwa kazi bure? Nauliza nipate kujua, nina wajukuu nyumbani.

MuuzaDawa_Kisauni

Shikamoo mzee wangu. Si kazi bure hata kidogo. Asali yatuliza kikohozi kweli kweli, na mimi nikiulizwa dukani na mama wa mtoto wa miaka mitatu, mara nyingi namwambia aende kwa muuza asali asinunue sirapu yangu. Mpaka mmoja tu mzee, na naomba nyumbani wote waujue: mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali, hata ya kulamba kidoleni. Ndani yake mwaweza kuwa na mbegu za bakteria ambao tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuwazuia, wakatoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Tangawizi na maji ya uvuguvugu kwa mkubwa ni kheri.

Kufukizwa ndiko ninakokuogopa. Si kwa ajili ya mvuke, ni ile sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto anayerukaruka. Kuungua kwake ni kubaya kuliko kikohozi alichokuwa nacho.

Kuhusu baridi, mzee, baridi haizai bakteria. Wakati wa mvua na kusi twafunga madirisha, twalala wengi chumba kimoja, jiko la makaa laingizwa ndani. Hapo virusi hupita kutoka mtu hadi mtu na moshi hulegeza kifua. Mtoto akivaa nguo ya joto ni vizuri, lakini kama mama anapika kwa makaa chumba kile kile na mtoto yuko mgongoni, lile sweta halitamsaidia. Na naomba nisieleweke vibaya, sisi sote hapa twapenda nyumba inukie udi, lakini penye mtoto mwenye kifua, chetezo kikae barazani.

Mzee_Makadara

Marahaba mwanangu. La asali sikulijua. Nitawaambia kina mama wa nyumbani leo leo.

MamaWawili_Mshomoroni

Jamani nisaidieni. Mwanangu wa miezi minane yuwakohoa siku ya tatu, homa juujuu, lakini anacheza na ananyonya. Kamasi jeupe, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nimesoma hapa nikamhesabu amelala: 54. Nikangoja nikahesabu tena: 56. Kifua hakibonyei nionavyo. Nifanye nini? Nina amoksilini ya maji iliyobaki ya dada yake kwenye friji.

MuuzaDawa_Kisauni

Dada, nenda leo, usilale nalo. Umri wake mpaka ni 50, na yeye mara mbili amezidi akiwa amelala. Bado si hali ya kutisha maana ananyonya na kifua hakibonyei, lakini ni ya kuonwa leo. Zahanati iliyo karibu yatosha, si lazima uende hospitali kuu ya Coast General. Ile chupa ya dada yake imwage. Kilo zake si za huyu, na ikishachanganywa na maji haikai muda mrefu.

NesiLikoni

Enda naye mamangu, na chukua kile kijitabu chake cha kliniki.

Mwalimu_Changamwe

Naomba kuuliza bila ubishi. Mwenye uzi umesema magonjwa mengi ya kifua ni ya virusi na tusimeze antibayotiki ovyo. Lakini huyu mama akifika zahanati na mtoto mwenye pumzi 54, bila shaka atapewa amoksilini hapo hapo, hakuna maabara wala eksirei. Sasa tofauti ya zahanati na ya mama anayenunua dukani ni ipi, kama wote hawajui ni virusi au bakteria?

NesiLikoni

Mwalimu, umegusa kidonda chenyewe, wacha nijibu mimi.

Ni kweli hatujui. Kulikuwa na utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi saba, na kituo kimojawapo kilikuwa hapa jirani yetu Kilifi, kwa watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Walichukua watoto waliolazwa kwa nimonia kali na picha ya kifua ikaonyesha ugonjwa, wakapima kila kinachopimika. Matokeo yalichapishwa 2019: kwa watoto wasio na HIV, virusi vilikuwa chanzo cha kama asilimia 61, bakteria kama asilimia 27 ukiacha kifua kikuu. Yaani hata kwa wale waliolazwa, picha yenyewe inaonyesha doa, wengi walikuwa na virusi.

Basi kwa nini twatoa amoksilini? Kwa sababu yule mmoja kati ya wanne mwenye bakteria anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, na amoksilini ya shilingi chache yaweza kumwokoa, na hakuna kipimo cha zahanati kinachoweza kumtenga na wenzake watatu. Eksirei haitengi. Kipimo cha damu chasaidia kidogo. Kwa hiyo twachora mstari kwenye pumzi. Aliye juu ya mstari apate dawa, kwa sababu hatari yake ni kubwa. Aliye chini ya mstari, anakohoa tu, ana mafua, hana dalili ya hatari, asipewe. Watoto wengi wanaoletwa kwetu na kikohozi wako chini ya mstari. Hapo ndipo dawa nyingi zinapookolewa, na tofauti na mama anayenunua dukani ni hiyo: yeye ananunua kwa ajili ya kikohozi, sisi twatoa kwa ajili ya pumzi.

Tena kuna watoto wenye pumu au kifua kinachopiga filimbi. Hao hupumua haraka bila nimonia. Zahanati tutampulizia dawa ya kufungua kifua kwanza, tungoje kidogo, tumhesabu tena. Wengine hushuka chini ya mstari hapo hapo. Dukani nani atamfanyia hivyo?

Mwalimu_Changamwe

Hapo nimeelewa vizuri. Sikuwahi kuelezwa hivi hata hospitalini, huandikiwa tu ukaambiwa nenda famasi. Ahsante sana sista.

Mpwani_Tononoka

Mimi nasema hivi, nikinywa antibayotiki bila haja, ni tumbo langu na pesa zangu. Namdhuru nani?

MuuzaDawa_Kisauni

Ndugu, wadhuru mtoto wa nyumba ya pili, na nasema hivi kwa dhati. Ukimeza amoksilini, haiwendi kifuani peke yake. Yapita puani, kooni, tumboni, na huko kuna bakteria wengi waliokaa bila kukudhuru. Wale dhaifu wanakufa, wale walio sugu wanabaki na kuzaliana. Kesho ukipiga chafya kwenye matatu ya Bombolulu, unaowarusha ni wale sugu. Mtoto akipata nimonia ya bakteria huyo, dawa ya bei nafuu haitamfaa, itabidi sindano za wodini. Hili si la kubahatisha. Zamani mtoto mwenye nimonia alipewa antibayotiki iitwayo Septrin, na wengi wenu mwaikumbuka. Usugu umezidi mno, leo kwa nimonia ya kawaida ya mtoto yatumika amoksilini badala yake. Nayo tukiiharibu twaenda wapi?

Alexander Fleming, yule aliyegundua penisilini, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba siku itafika mtu yeyote aweza kuinunua dukani, ajipe dozi ndogo isiyotosha, awafundishe vijidudu kuishi nayo. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta na siku hiyo naiona kila jioni. Watu waomba vidonge sita. Sita si dozi ya chochote.

Na tuseme ukweli kuhusu upande wetu sisi wauzaji. Sheria yataka cheti cha daktari. Wenzangu wengi huuza bila cheti kwa sababu wakikataa, mteja avuka barabara. Mimi nimeamua kukataa na wateja wengine wamenihama. Naumia, lakini siwezi kuuza nikijua.

MamaWawili_Mshomoroni

Nimerudi. Tulipokewa vizuri, daktari akamhesabu mwenyewe, akampima na kile kifaa cha kubana kidole, akasema oksijeni ni 96, haina shida. Akasema ni nimonia lakini si kali. Amepewa amoksilini za vidonge vya kuyeyusha kwenye maji kidogo, asubuhi na jioni siku tano, dozi ya kwanza amenyweshwa pale pale mbele yangu. Nimeambiwa nirudi baada ya siku mbili, au wakati wowote akizidi. Mungu awajaalie kheri. Kamasi lake lilikuwa jeupe kabisa, ningelala.

MuuzaDawa_Kisauni

Alhamdulillahi. Dada, akichangamka siku ya pili usiikate dawa, mpe mpaka siku ya tano. Na akitapika ndani ya nusu saa baada ya kunywa, mrudishie ile dozi.

Kwa wanaouliza kuhusu kile kifaa cha kidole: hapa pwani, usawa wa bahari, mtu mwenye afya huwa 95 kwenda juu. Chini ya 90 ni hali ya dharura, atahitaji oksijeni, na hiyo haipatikani dukani. Kidole kikiwa baridi, au mtoto akitikisa mkono, au dada ana hina ama rangi kwenye kucha, namba yaweza kudanganya.

Dereva_Tuktuk_Miritini

Wakubwa, babangu ana miaka 70 na kitu, mvutaji sigara wa siku nyingi. Hana homa kabisa. Kikohozi chake ni kile cha siku zote. Ila tangu juzi hali chakula, na leo asubuhi aliniita jina la marehemu ami yangu, akauliza kama meli imeshatia nanga, na kazi ya bandarini aliiacha kitambo. Ndugu zangu wasema ni uzee. Anapumua kwa shida kidogo. Nisubiri?

NesiLikoni

Usisubiri kaka. Washa hiyo tuktuk umpeleke sasa hivi, hospitali ya Port Reitz ndiyo karibu na wewe.

Nawaeleza na wengine. Mzee akipata nimonia mara nyingi hatoi homa, mwili wake hauna tena nguvu ya kuwasha homa. Huanza kwa kukataa chakula, kuanguka, kujikojolea, au kuchanganyikiwa ghafla. Uzee hauji juzi. Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya siku mbili ni ugonjwa mpaka ithibitishwe vingine. Mtu mzima anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika, au aliyechanganyikiwa, au shinikizo la damu limeshuka, huyo ni wa kulazwa. Na wavuta sigara, wenye kisukari, wenye HIV, wenye selimundu, hawa wote nimokoki huwapiga vibaya zaidi.

Dereva_Tuktuk_Miritini

Twaenda.

BarobaroWaTudor

Na koo je? Mdogo wangu wa miaka tisa hana kikohozi wala mafua, ila hawezi kumeza mate, homa kali, na tezi za shingoni zimevimba. Kwa tochi naona madoa meupe kooni.

MuuzaDawa_Kisauni

Koo nyingi ni za virusi, na ukiona mafua na kikohozi pamoja nayo, karibu hakika ni virusi. Lakini hiyo uliyoieleza, bila kikohozi, homa, tezi, madoa meupe, kwa mtoto wa umri wa skuli, yafanana na ya bakteria, aina nyingine iitwayo streptokoki. Mpeleke. Hii haitakiwi kuachwa hata kama yaisha yenyewe, kwa sababu kwa watoto wengine mwili ukishapigana na bakteria huyo hugeuka ukashambulia viungo na vali za moyo. Wodi zetu zina vijana wenye moyo ulioharibika hivyo. Penisilini ikitolewa mapema na ikamalizwa yazuia hilo. Ya kumeza huandikwa siku kumi, ndiyo maana wengine hupendelea sindano moja.

UmmuSalama_Majengo

Chanjo ya nimonia ni ya kweli ama ni biashara? Nyumbani kwetu kuna wanaoikataa.

NesiLikoni

Ni ya kweli dada, na ushahidi wake uko Kilifi, si mbali. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimokoki mwaka 2011. Mtoto hupewa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, bure, pamoja na ile ya tano kwa moja ambayo ndani yake mna kinga ya kifaduro na ya bakteria mwingine wa nimonia aitwaye Hib. Kule Kilifi walifuatilia kila mtoto aliyelazwa, kabla ya chanjo na baada yake. Maambukizi makali ya aina za nimokoki zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tena hata watoto wachanga mno wasiofikia umri wa kuchanjwa, na watu wazima, waliugua kwa uchache, kwa sababu kaka na dada zao hawakuwa tena na bakteria hao puani.

Mimi nilianza kazi kabla ya chanjo hii. Nakumbuka wodi ya watoto ilivyokuwa. Wanaoikataa nawaelewa, mtu humpenda mwanawe na kuogopa asichokijua, lakini naomba waje kliniki waulize, tutakaa nao tuwaeleze.

Na kifaduro bado kipo. Mtoto akikohoa mfululizo mpaka anakuwa mwekundu, kisha avuta pumzi kwa mlio, kisha atapika, mleteni. Kwa mtoto mchanga hausikiki hata huo mlio, yeye huacha kupumua kwa muda tu.

Dereva_Tuktuk_Miritini

Amelazwa. Amewekewa oksijeni na sindano. Picha imeonyesha nimonia upande wa kulia chini. Wamechukua na kohozi lipimwe kifua kikuu. Sasa hilo la TB limetushtua, hatukulitaja.

MuuzaDawa_Kisauni

Mungu amponye. Msishtuke, ni utaratibu mzuri. Kifua kikuu nacho ni bakteria, ila huyu ni wa polepole: kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kukonda, homa ya jioni. Kila anayekohoa aulizwe habari zake, na kikohozi kikipita wiki mbili kipimwe bila mjadala. Mashine ya GeneXpert, inayopima kohozi, hutoa jibu kwa saa mbili hivi ikishaanza kazi. Akikutwa nayo, dawa ni za bure kwenye hospitali za serikali, kwa kawaida miezi sita.

Na hii ndiyo sababu nyingine naogopa watu kujinunulia. Kuna antibayotiki za nguvu, kama levofloksasini, ambazo mtu mwenye TB akizinywa kwa kudhani ni kikohozi tu, hupata nafuu ya muda. Kohozi lapungua, aacha kwenda kupimwa, na huku anaendelea kuambukiza nyumba nzima.

MamaWawili_Mshomoroni

Swali la mwisho kaka. Hivi vidonge vya kuyeyusha, nikiyeyusha cha asubuhi naweza kuyeyusha na cha jioni kabisa nikaweka? Na kwa nini hawakunipa ya maji kama ile ya dada yake?

MuuzaDawa_Kisauni

La, yeyusha kila dozi wakati wa kumpa. Kijiko cha maji safi kinatosha, au maziwa yako mwenyewe uliyokamua, kisha mpe yote mpaka ile unga ya chini.

Ya maji ikishachanganywa yataka ubaridi, na hata kwenye friji muda wake ni mfupi, chupa nyingi zimeandikwa siku 7 mpaka 14. Kwa joto letu la Mombasa, na stima inavyopotea, nyumba nyingi hazina pa kuiweka. Tena mama mmoja huitia maji mengi, mwingine machache, na dozi yaharibika hapo. Vidonge vikae kwenye karatasi yake mpaka wakati wa kutumika, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na mkono wa yule dada yake.

MamaWawili_Mshomoroni

Nimeviweka juu ya kabati. Leo jioni nimemhesabu, 44.